Mkia wa Jina

Naandika kwa penseli. Wino huyeyuka ndani ya spiriti,
na lebo isiyosomeka humwacha kiumbe hana kwao.
Hivyo: penseli, karatasi ngumu, uzi.
Amani, Muheza. Mita mia tisa na arobaini.
Juu ya mchai, safu ya kumi na moja, upande wa msitu.
Mvua. Saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Aliokotwa na M. Shekigenda.

Kisha tukamhesabu.
Magamba ya utosini, moja moja, kwa sindano na lenzi;
pembe mbili za puani, fupi, kama punje za mpunga;
urefu, mdomo hadi tundu la haja;
halafu mkia peke yake, uliojikunja ukakataa kunyooka,
tukaufuata kwa uzi, tukaupima uzi.
Dakta akafungua droo ya ndugu,
wa Magamba, wa Nguru, wa Uluguru,
kila mmoja na namba mguuni,
akawasogeza karibu na mgeni
kama shangazi kwenye arobaini ya mtoto,
wakitafuta pua hii imetoka upande gani.
Siku tatu. Haikutoka upande wowote.

Mwalimu Singano, darasa la tano, alikuwa na fimbo na ngeli.
"Kinyonga kwa umbo ni jamaa wa kiti na kikombe.
Je, mtasema kinyonga kimepanda?"
Hapana, Mwalimu!
"Kwa nini?"
Ana pumzi, Mwalimu!
Huo ndio uainishaji niliokulia:
uliza kwanza kama anapumua,
magamba utahesabu baadaye.

Na siku ile, mtungi umejaa, kifuniko kimekazwa,
niliuona mkono wangu ukiandika daftarini:
sampuli imehifadhiwa.
I.
Jana tu alikuwa amepanda.
Sikufuta. Nilikaa kidogo na penseli yangu.

Kilatini nacho kina swali lake, wala si la pumzi.
Jina la kwanza lilikuwa letu tayari, Kinyongia:
kinyonga aliyepelekwa Ulaya akarudi na kofia.
La pili, Dakta alitaka kumheshimu aliyemwona,
na hapo Kilatini hukazia macho:
mwanamume au mwanamke?
Dakta alisoma lebo yangu. Aliokotwa na.
M, nukta, Shekigenda.
Akaniandikia kuuliza, nami nikajibu upesi:
yeye anachuma chai, anaishi karibu, ana macho makali.
Yeye. Ana. Anaishi.
Hakuna hata moja lililovaa kanzu wala kanga.
Akachapisha: shekigendai.
Kwa i, ya kiume.

Nililipeleka jarida mashambani, limefungwa kwa nailoni.
Mboni Shekigenda alikuwa kwenye mizani,
kapu mgongoni, kilo kumi na nane,
karani anamkata moja ya umande.
Akasoma. Akauliza hiyo i ya mwisho ni ya nini.
Nikamweleza.
Alicheka mpaka majani yakamwagika.
"Basi mmempa mume wangu!
Yule akimwona kinyonga huzunguka hadi bondeni!"
Karani akaandika kumi na saba.

Masahihisho yalitoka mwaka uliofuata,
mstari mmoja, ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la darubini.
I ikawa e.
Kanuni zinaruhusu: mkia wa jina hukatwa ukaota mwingine,
mwili haukuguswa.

Lebo ya zamani haitolewi. Hiyo nayo ni kanuni.
Nilifunga ya pili juu yake, uzi uleule:
Aliokotwa na Bi. Mboni Shekigenda, mchuma chai.
Nyuma yake, mahali ambapo hakuna safu ya kujaza,
nikaongeza kwa herufi ndogo:
alikuwa amepanda.

Juzi amenipita njiani, akaniambia amemwona mwingine,
mkubwa zaidi, wa kijani kinachoelekea buluu.
Safu ya ngapi? nikauliza, mkono tayari mfukoni.
Akalikaza kapu, akasema
mizani inafungwa saa tisa.